Mwaka Tuliofuata Umeme Mtaa kwa Mtaa

Espérance alifika kwangu Nyawera, hapa Bukavu, mchana, baada ya harusi ya mdogo wake, akiwa bado na nywele za harusi kichwani, na kabla hajaketi akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta yangu iliyokuwa wazi mezani. Hiyo ni tabia yake tangu tukiwa wasichana. Watu wengine wakiingia nyumbani kwako hutazama picha ukutani, yeye hutazama skrini. Nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Akasoma mstari wa kwanza, akapiga kofi, akacheka hadi binti yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameandika njia ya faili yake kuanzia herufi ya diski, jina lake, jina la baba yake, "Bureau", kisha "Nouveau dossier", yaani folda mpya, kana kwamba dunia nzima imehamia ndani ya kompyuta yake. "Nabintu, njo vile unabafundisha?" aliniuliza. Nikamwambia aketi ale, chakula kinapoa. Bahati, mwenzetu wa kiume tangu chuo, alikuwa tayari mezani, mbele ya bugali na samaki wadogo wa sambaza, akila kimya kama kawaida yake, lakini niliona mabega yanatikisika. Miaka mingi ilikuwa imepita bila sisi watatu kuketi meza moja. Espérance anaishi Kinshasa na hurudi Bukavu kwa harusi na misiba tu, na mara nyingine harusi haina nafasi kwa marafiki. Nikajua mchana huo hatutazungumza jambo jingine ila mwaka wetu wa tatu wa chuo, na kweli hatukuzungumza jingine.

Kwa asiyejua kazi yetu nieleze kidogo, halafu sitamsumbua tena. Programu kubwa haiandikwi katika faili moja. Inagawanywa, na kila faili kubwa ina faili ndogo inayoitwa faili ya kichwa, ambayo kazi yake ni kama ule ubao wa mgahawa unaosema leo kuna maharage, sombe na samaki. Ubao haupiki. Unasema tu ndani kuna nini. Faili nyingine ikitaka kitu kutoka humo, inaandika juu kabisa: niletee ubao ule, uko mahali fulani. Basi. Kitu kilichotugombanisha mwaka mzima ni hapo pa kusema "mahali fulani". Utasemaje mahali, na utaanza kuhesabu njia kutoka wapi? Nikiwaeleza wanafunzi wangu leo wanaelewa upesi, wanapiga miayo, halafu wanakwenda kukosea kama tulivyokosea sisi. Sikasiriki tena. Nahisi jambo hilo halifundishwi, mtu anajikwaa nalo mwenyewe.

Mwaka ule umeme wa Bukavu ulikuwa wa zamu, na zamu yenyewe haikuwa na mwenyewe. Leo uko Nguba, kesho Kadutu, keshokutwa umepotea kabisa na hata jirani mwenye shemeji kwenye kampuni ya umeme hajui. Tulikuwa watatu katika kazi moja ya mwisho wa mwaka. Espérance alikaa Nguba, Bahati alikaa Kadutu kwa dada yake, mimi nilikaa hapahapa Nyawera kwa shangazi, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la misumari na mabati. Hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kubeba. Kila nyumba ilikuwa na moja ya mezani, nzito, iliyofunikwa kitambaa kama maiti ya heshima, na kazi yetu ilisafiri kati ya nyumba hizo ndani ya flashi moja aliyoivaa Bahati shingoni. Asubuhi simu ililia kabla ya chai. "Allô, Nabintu, courant iko kwenu?" "Hapana, ilishapotea tangu jana." "Basi mukuye huku Kadutu, iko. Lakini mufanye mbio!" Nami nilipanda Kadutu kwa miguu, pumzi juu, nikiomba njiani kwamba taa zisizimike kabla sijafika. Zilizimika mara nyingi tu. Nilifika, nikanywa chai, nikashuka.

Sebule ya Maman Furaha, dada yake Bahati, ndiyo ninayoikumbuka kuliko vyumba vyote vya ujana wangu. Alikuwa anasuka nywele, na wateja wake walikaa kwenye viti vidogo katikati ya chumba, migongo kwetu, huku sisi tumejibana kwenye kona ya kompyuta. Harufu ya mafuta ya nywele ilichanganyika na ya maharage yaliyokuwa jikoni tangu alfajiri. Viti vyote vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na ole wako ukalie kimoja kikateleza. Tulikuwa tunaandika programu ya kupanga ratiba ya masomo kwa shule moja ya sekondari ya Kavumu, nje ya mji, na faili iliyohusu walimu tuliiita prof. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi kuwa kitu kinachofanya kazi, ilikuwa inatukatalia kila siku kwamba prof haionekani. "Banatafuta nani hawa?" mteja mmoja aliuliza, kichwa kimeinama chini ya vidole vya Maman Furaha. "Banatafuta prof," Maman Furaha alijibu. "Machine inasema prof haiko." Mteja akafikiri kidogo. "Kama ni prof, iko mu grève. Bamungojee mwisho wa mwezi." Chumba kizima kilicheka, maana walimu wa kwetu hugoma hadi mshahara uje, na sisi pia, ingawa tulikuwa karibu kulia.

Sababu ya prof kupotea ilikuwa ya kipumbavu. Mwanzoni tuliandika njia nzima, kuanzia herufi ya flashi. Lakini flashi ileile iliitwa E kwa Bahati, F kwa shangazi yangu, na kwa Espérance iliitwa G kwa sababu baba yake alikuwa amechomeka vitu vingi vya ofisini. Kila tulipohama nyumba, kitu cha kwanza kilikuwa kupita faili zote na kubadili herufi, huku umeme unatusubiri kwa shingo upande. Mmoja anasoma, mwingine anaandika, wa tatu analinda mlango, mdogo wake Espérance asije akagusa soketi. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na mkono wake, nilikuta mara nyingine faili moja inasema E, ya pili F, ya tatu G, kama ndugu watatu wanaogombea kiwanja. Siku moja, Nguba, tuligombana vibaya mbele ya chai ya maziwa ya mama yake Espérance, huku baba yake akipiga kelele chumba cha pili kwenye simu na wazungu wa shirika lake. Nilimwambia Espérance ana kichwa kigumu. Akaniambia mimi nina mdomo mpana. Wote wawili tulisema kweli.

Bahati ndiye aliyetutoa. Alikuja Nyawera na fotokopi ya kurasa chache za kitabu fulani, zimekunjwa hata maandishi ya katikati yamefutika, akaziweka juu ya meza bila neno. Ilionekana kwamba tungeweza kuacha herufi kabisa. Nukta mbili mfululizo na alama ya mkwaju, akatueleza, maana yake toka nje ya folda uliyomo. "Kutoka wapi?" nilimuuliza. "Kutoka pale faili yenyewe iko. Haianziye ku machine, haianziye ku flash. Inaanziya pale faili iko imesimama." Espérance akasema basi ni kama mtu wa Bukavu anavyoelekeza mgeni, kwanza anauliza uko wapi, kisha anasema panda, shuka, ingia kushoto, kwa sababu namba ya nyumba hapa haimsaidii mtu. Tukajaribu. Nakumbuka tulivyosimama wote watatu nyuma ya kiti, hakuna aliyetaka kukikalia, na kompaila ikapita faili ya kwanza, ya pili, zote, ikanyamaza. Nilipiga kelele hadi mwenye duka la misumari akagonga dari yake kwa fimbo. Tukaipeleka flashi Nguba, ikakubali. Tukaipeleka Kadutu, ikakubali. Niliwaza sasa tumeshinda, sisi ni watu wazima.

Kuhusu majina ya folda, sikumbuki kama kulikuwa na mkutano wowote. Kila mtu aliandika sehemu yake siku ambazo umeme ulikuwa kwake, na tukizungumza tulisema "ile ya Kadutu imeharibika" au "leta ile ya Nguba". Hapa mjini mtu na mtaa wake ni kitu kimoja. Basi ndani ya flashi kukawa na folda tatu, Nguba, Kadutu na Nyawera, na faili za Bahati zilisema juu kabisa: toka nje, ingia Nguba, niletee prof. Tuliona fahari sana. Espérance alisema ni mji mdogo ndani ya flashi. Leo Bahati anadai yeye alipinga tangu mwanzo, lakini mimi nilikuwepo na sikumsikia, na Espérance pia alipoulizwa mezani alitikisa kichwa huku mdomo umejaa.

Sasa niseme kilichokuwa kinatuweka roho juu. Bahati alikuwa anarudia mwaka. Mwaka uliotangulia alisimama peke yake mbele ya jopo, na programu yake ilifanya kazi vizuri kabisa. Lakini Bahati alikuwa na shida moja: mbele ya wakubwa ulimi wake ulilala. Mwalimu mkuu wa jopo alikuwa mtu tuliyemwita Papa Source, kwa sababu alikuwa amechoka na wanafunzi wanaoleta programu zilizopikwa na wengine, na alidai uje na maandishi matupu ya programu, yaani source, uyaweke kwenye kompyuta yao, yageuzwe kuwa programu mbele ya macho yao. Alimtazama Bahati akamuuliza, hii kazi ni yako? Bahati alisimama pale, jasho linamtoka, hakutamka neno. Wakaamua si yake. Chuo kilikuwa na sheria: ukianguka mara mbili katika darasa lilelile, unafukuzwa. Kaka yake alikuwa mchimba dhahabu huko Kamituga, mtu mwema asiyependa maneno mengi, na alikuwa tayari amemnunulia Bahati buti za plastiki na kumwekea nafasi kwenye shimo lake. Siku moja tukishuka Kadutu pamoja, Bahati aliniambia, bila kunitazama, "Nabintu, miye shimo naiogopa sana. Nikiingia mule ndani siwezi hata kupumua." Mimi na Espérance tungeweza kurudia mwaka, aibu tu na kelele za nyumbani. Yeye hakuwa na mwaka mwingine, na nilimwogopea kuliko nilivyojiogopea mwenyewe.

Kwa hiyo tukamfundisha kusema. Kila nyumba tuliyofika, kabla ya kula, tulimsimamisha. Wateja wa Maman Furaha walikuwa jopo. "Weye papa, eleza!" walimwamuru, vichwa nusu vimesukwa nusu vimesimama. Bahati alieleza mbele ya wanawake wale vizuri ajabu, walimu wanaokaa Miti, karibu na shule, wanafikaje Kavumu saa ya kwanza, walimu wa Bukavu hawafiki mpaka saa ya pili kwa sababu ya barabara, na programu inajuaje kuwatenganisha. Walimpigia makofi. Mmoja alimtolea alama palepale, akamwahidi na mchumba. Lakini baba yake Espérance alipoingia na koti lake la ofisi na kumwambia "Ehe, kijana, endelea," Bahati alinyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Tukaenda Kavumu kumwonyesha mkuu wa shule ratiba, na huko pia ikawa vilevile. Mkuu alifurahi, akatulisha viazi na nyama ya mbuzi, akamuuliza Bahati swali moja dogo, na ikabidi nijibu mimi. Njia nzima ya kurudi Bahati alitazama dirishani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na wazo jipya.

Mwisho wa mwaka wa masomo ukafika, na juma hilohilo familia ya Espérance ikahama Nguba kwenda Muhumba. Kompyuta yao ilikuwa bado kwenye katoni. Asubuhi ya kutetea kazi yetu mbele ya jopo Espérance ndiye aliyekuwa na flashi, kwa sababu alipitia cyber kuchapisha kurasa za mwisho. Tulikutana kwenye ngazi za chuo. Bahati alikuwa amevaa tai ya mume wa dada yake, iliyomfika karibu na magoti. Papa Source alikuwa amekaa katikati ya wenzake wawili, jenereta inanguruma nje. Tukaweka flashi, tukanakili folda zetu kwenye kompyuta ya jopo, nikaandika amri, nikabonyeza.

Mistari ya makosa ikaanza kushuka. Haikuwa mmoja wala miwili, skrini nzima ilijaa, na yote ilisema neno moja: hakuna faili wala folda kama hiyo. Nikamtazama Bahati, uso umekuwa wa majivu. Papa Source akavua miwani. "Soma," akaniamuru. Nikasoma kwa sauti: toka nje, ingia Nguba, prof, haionekani. Toka nje, ingia Nguba, heures, yaani faili ya saa, haionekani. Nguba, Nguba, Nguba. Hapo Espérance akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Nguba? Lakini shiye tulishahama Nguba. Sasa tuko Muhumba." "Unasema nini, mademoiselle?" Papa Source aliuliza. "Papa, niliona ku cyber dossier inasema Nguba, nikaona ni bongo, uongo mtupu. Hatukae tena kule. Nikaandika Muhumba."

Mjumbe wa kushoto alikuwa wa kwanza. Aliweka kichwa juu ya meza na kucheka. Kisha wa kulia, kisha Papa Source mwenyewe, ambaye hatukujua kwamba ana meno, alicheka hadi akatafuta leso. Espérance alisimama katikati, mwaminifu, haelewi. Na Bahati akacheka. Alianza polepole puani, halafu akashindwa kujizuia, akainama, tai inagusa sakafu, na alipoinuka alikuwa anazungumza. Sikuamini masikio yangu. "Papa, munaona," alisema huku anafuta macho, "ile njia haina kosa. Inasema toka pale uko, ingia Nguba. Sasa Nguba batu bameitosha, bameiondoa. Machine inafika pale, inakuta muryango haiko. Itafanya nini?" Papa Source akanyoosha mkono kwangu na Espérance. "Nyie wawili, kaeni. Huyu atengeneze peke yake."

Tukakaa. Nilishika mkono wa Espérance kwa nguvu hata akanipiga kofi kidogo. Bahati alirudisha jina la folda, akabonyeza, na programu ikageuka bila kosa, ratiba ya Kavumu ikatoka, mwalimu wa Miti saa ya kwanza, wa Bukavu saa ya pili. Lakini Papa Source hakuridhika. "Na kesho baba yake akihama tena?" Bahati alifikiri kidogo. Akasema kosa letu ni kwamba kila faili ilibeba njia yake kwenda nyumbani kwa mtu, na watu wanahama. Faili zote za kichwa zingekaa katika folda moja isiyo ya mtu, na kompaila ingeelezwa mara moja tu, wakati wa kugeuza, folda hiyo iko wapi. Baada ya hapo kila faili ingetaja jina tu, hata Espérance akihamia Minova. Akakaa kwenye kompyuta, akafanya hivyo mbele yao, faili moja baada ya nyingine, akieleza kila alichogusa kama alivyowaeleza wanawake wa sebuleni. Papa Source alimwacha amalize. Kisha akauliza, taratibu, "Sasa mwaka jana ulinyamaza juu ya nini?"

Bahati aliinuka, akaiweka tai yake vizuri. "Mwaka jana, papa, hamukuniuliza nilifanya namna gani. Muliniuliza kama ni yangu." Papa Source aliandika kitu kwenye karatasi zake, akasema tutoke. Tangu nilipoanza kukaa mimi mwenyewe upande ule wa meza, swali lile sijawahi kulitoa mdomoni. Nikishuku kazi, nampa mwanafunzi kosa, naketi, nangoja.

Matokeo yalisomwa jioni uani, na karani wa chuo, mama mmoja mwenye sauti ya kanisani, alisimama juu ya ngazi. Jina langu likaja, la Espérance likaja, tukarukiana shingoni. La Bahati likaja. Hakuruka. Alipita katikati ya watu, akapanda ngazi hadi kwa karani. "Maman, soma tena." "Nilishasoma, mutoto wangu." "Ndiyo, maman. Soma tena, polepole." Akasoma tena, jina lote, amefaulu, na uwanja mzima ukampigia makofi mtu ambaye wengi wao hawakumjua. Maman Furaha alikuwa langoni na kitenge chake kizuri, ameacha mteja nusu kichwa nyumbani. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, analia na kucheka. Bahati alishuka, akamwinua, akampangusa vumbi mgongoni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Yaya," alimwambia dada yake, "na ile ya mwaka jana ilikuwa yangu."

Maman Furaha alimshika mashavu kwa mikono miwili, ile mikono yenye mafuta ya nywele. "Miye," alisema, "nilikuuliza siku gani?"